Uchaguzi wa Gitaa

Methali husema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno hili ni kweli kwa vitu vingi vya sokoni, lakini katika duka la ala za muziki lahitaji kusikilizwa kwa hadhari. Gitaa hujiuza kwa rangi yake kabla halijatoa sauti. Mnunuzi huliona jekundu, likimeremeta kama kioo. Moyo humdunda, mkono huingia mfukoni, na akili huachwa mlangoni. Siku ya pili vidole huanza kueleza yale ambayo macho hayakuuliza.

Katika nchi ya Migori na Homa Bay, gitaa si pambo la ukutani. Hapa, na katika sehemu nyingine za Nyanza, ndipo muziki wa benga ulipolelewa, na benga ni nyumba ambayo nguzo yake ni gitaa. Wazee wa muziki huo walilipokea gitaa masikio yao yakiwa yamekwisha kuzoea nyatiti, ala ya nyuzi 8 ambayo mpigaji huidonoa kwa vidole vya mikono yote miwili, huku pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu ikigonga ubavu wake. Walizoea pia orutu, yenye uzi mmoja unaosuguliwa kwa upinde. Gitaa lilipowafikia, hawakulipiga kama mgeni alivyolileta. Walilifundisha lugha ya nyumbani. Ndiyo maana gitaa la solo katika benga hutoa sauti fupi fupi, nyingi na za haraka. Humfuata mwimbaji kama mwangwi, na mwimbaji anyamazapo hushika njia peke yake na kuwainua wachezaji. Daniel Owino Misiani, ambaye bendi yake ya Shirati Jazz ilivuma kwa miaka mingi, alizaliwa mwaka 1940 huko Shirati, upande wa Tanzania, si mbali na mpaka wa Migori, akafariki katika ajali ya barabarani mwaka 2006. Muziki wake ulisikika pande zote mbili za mpaka, maana sauti haiulizwi pasipoti.

Basi kijana wa huku atakaye kununua gitaa la umeme hanunui kitu cha kuchezea tu. Anatafuta chombo cha kuendeleza kazi ya watu. Yampasa ajue mambo mawili: sauti yatoka wapi, na mkono wataka nini.

Tuanze na sauti. Gitaa la kale lina tumbo tupu la mbao, na tumbo hilo ndilo hukuza mtetemo wa nyuzi. Katika bendi zenye tarumbeta na ngoma, sauti yake ilimezwa kama sauti ya mtoto katika mkutano wa wazee. Mafundi wa Marekani wakatafuta dawa. Mwaka 1932 kampuni ya George Beauchamp na Adolph Rickenbacker ilianza kuuza gitaa la umeme lenye sumaku. Mwaka 1950 Leo Fender akaanza kuuza gitaa la ubao mzima lisilo na tumbo kabisa; mwaka 1952 kampuni ya Gibson ikatoa lake lililoitwa Les Paul; na mwaka 1954 Fender akatoa Stratocaster. Magitaa mengi yanayotundikwa madukani leo ni watoto au wajukuu wa hayo.

Gitaa lisilo na tumbo husikikaje? Chini ya nyuzi zake pana kinasa. Ndani ya kinasa mna sumaku, nayo imezungushiwa waya wa shaba, mwembamba kama unywele, mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma utetemekapo juu ya sumaku, huichezesha nguvu yake, na mchezo huo huzaa umeme hafifu katika waya. Hii ni kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, na kwa kanuni hiyo hiyo kilijengwa kituo cha umeme cha Gogo kwenye mto Kuja, hapa Migori. Pale maji ya mto hufanya kazi. Hapa hufanya kidole. Umeme huo hafifu hupita katika waya hadi kwenye kikuza sauti, ambacho huutia nguvu na kuupeleka katika spika. Kwa hiyo nyatiti iliyofungwa nyuzi za nailoni za kuvulia samaki haiwezi kusikika kwa kinasa cha namna hii hata ikipigwa na bingwa, kwa kuwa sumaku haina habari na nailoni.

Hapo ndipo tofauti za sauti zianzapo. Kinasa chenye koili moja hutoa sauti angavu, iliyochongoka kama ncha ya sindano. Kila mdonoo husimama peke yake. Lakini kina aibu yake: hunasa pia mvumo wa umeme wa nyumba, ambao katika Kenya huenda kwa mizunguko 50 kila sekunde. Mwaka 1955 fundi wa Gibson aitwaye Seth Lover alibuni kinasa cha koili mbili, zilizopangwa hata mvumo unaoingia katika moja hufutwa na mvumo unaoingia katika nyingine. Sauti yake ni nene, yenye joto, na hupoteza kidogo ule ukali wa sindano. Hakuna kilicho bora daima. Mpigaji wa benga, ambaye sauti zake ni nyingi na za haraka, mara nyingi hupenda uangavu, zisije zikashikana kama uji. Mpigaji wa muziki mzito wa roki hupenda unene.

Mahali pa kinasa napo pana neno lake. Karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, uzi hutikisika kidogo, na sauti hutoka kavu na kali. Karibu na shingo uzi hutikisika kwa upana, na sauti huwa ya mviringo na ya upole. Kwa hiyo gitaa lenye vinasa viwili au vitatu ni kama mtu ajuaye kusema kwa ukali na kwa upole, naye mpigaji huchagua kwa kusukuma kijiti kidogo. Kuhusu mti wa mwili, watu hubishana sana. Katika gitaa la ubao mzima, vinasa, nyuzi na kikuza sauti husemesha zaidi kuliko mbao. Mti huamua jambo lingine lisilo na ubishi, nalo ni uzito. Kilo 4 na zaidi begani, kwa mtu apigaye muziki wa dansi usiku kucha, si jambo dogo kulipopambazuka.

Sasa tuje kwenye mkono. Urefu wa uzi toka kizingiti cha shingo hadi darajani haulingani katika magitaa yote. Katika Stratocaster ni milimita 648 hivi. Katika Les Paul ni karibu 628. Tofauti hiyo ya upana wa kidole yaonekana ndogo, lakini kwa nyuzi za unene mmoja zikifungwa kwa sauti moja, gitaa refu huhitaji mvuto uliozidi kwa karibu sehemu 6 katika 100. Nyuzi nene nazo huhitaji nguvu kuliko nyembamba. Tena kuna kimo cha nyuzi juu ya vile vipande vya chuma vilivyokingama shingoni, ambavyo nitaviita mataruma, kwa kuwa vimelala kama mataruma ya reli. Nyuzi zikiwa juu mno, mwanafunzi hukandamiza hata vidole vikachanika. Zikiwa chini mno, hugonga chuma na kulia kama nyuki. Shingo nene humfaa mwenye kiganja kipana, na humtesa mwenye kiganja kidogo.

Watu wengi hudhani mambo haya ni ya mabingwa, na kwamba anayeanza anatosheka na chochote. Mimi naamini kinyume chake. Bingwa aweza kulishinda gitaa baya, kwa sababu anajua kosa si lake. Anayeanza hana ushahidi wa kujitetea.

Katika chama cha muziki cha shule niliyofundisha palikuwa na gitaa moja la umeme, zawadi ya msamaria mwema. Alijifunza kwalo kijana mmoja, mtoto wa mvuvi kutoka upande wa Homa Bay. Alikuwa na bidii. Lakini kila alipopanda juu ya shingo kutafuta sauti nyembamba, uso wake ulikunjamana, akaacha kupiga, akarudi kuzikaza na kuzilegeza nyuzi. Wenzake walichoka kumngoja. Wakamwambia hana sikio. Neno hilo lilirudiwa kwa mzaha, kisha likarudiwa bila mzaha, na mwisho wa muhula kijana aliliweka gitaa pembeni akasema muziki si fungu lake.

Nililichukua gitaa lile nikalipeleka kwa mzee mmoja karibu na Rongo, mpigaji wa benga wa siku nyingi, na kijana nikamwomba tuende pamoja. Mzee hakulichomeka katika umeme. Alilishika kama mtu apimaye unyoofu wa mshale, akaitazama shingo toka upande wa mwili. Kisha akaugusa uzi kwa wepesi juu ya taruma la 12, ambalo ndilo nusu ya urefu wa uzi, akaudonoa; ikatoka sauti nyembamba kama filimbi. Akaukandamiza uzi pale pale, akaudonoa tena. Sauti mbili zilizopaswa kuwa moja zikagombana. Akamtazama kijana, akamwuliza, "Mwanangu, hili ndilo lililokuwa likikusumbua?" Kijana akajibu, "Ndilo, Baba. Chini linasema kweli, juu linasema uongo." Mzee akanigeukia. "Mwalimu," akasema, "kijana huyu sikio lake halina ubaya. Wengine wote hawakusikia uongo huu. Yeye peke yake aliusikia."

Sababu yake si uchawi. Kidole kikiukandamiza uzi, huunyosha kidogo, na sauti hupanda kupita kiasi. Kwa hiyo kila uzi umewekewa kikalio kidogo darajani, kinachosogezwa mbele au nyuma kwa skrubu. Sauti ya kukandamiza ikizidi ile ya filimbi, kikalio hurudishwa nyuma ili uzi uwe mrefu zaidi. Mzee alitumia bisibisi ndogo kwa vikalio, na ufunguo kwa ufito wa chuma uliofichwa ndani ya shingo ili kuinyosha shingo iliyopinda. Kazi yote haikumaliza saa mbili. Muhula mzima wa mtoto ulikuwa umepotea kwa sababu ya skrubu sita. Kijana hakurudi chamani siku ile wala juma lile, kwa maana neno likisharudiwa sana halitoki kwa bisibisi. Lakini alirudi.

Baadaye chama kilipokusanya fedha kwa kuuza sukuma wiki na kuimba katika harusi, zikapatikana za kununua gitaa la pili, ni yeye aliyetumwa dukani pamoja na msichana mtunza hazina. Tulikuta umeme umekatika. Palikuwa na gitaa jekundu, jipya, lenye pembe kama za swala, na jingine la rangi ya kahawia, lililokwisha tumika, lenye mkwaruzo ubavuni. Mwenye duka alituhimiza tuchukue jekundu upesi, kesho tusingelikuta. Msichana akajibu kwa adabu kwamba fedha si zake, hivyo haraka pia si yake.

Bila umeme waweza kupima mengi. Kijana alitazama unyoofu wa shingo. Alikandamiza kila uzi katika kila taruma akisikiliza mlio wa nyuki. Alifanya jaribio la taruma la 12. Alipitisha kiganja kandoni mwa shingo kuona kama ncha za mataruma zinakwaruza. Kisha tukangoja. Umeme uliporudi alasiri, alizungusha vifundo, akasogeza kijiti cha vinasa, akanyamazisha nyuzi kwa kiganja asikie mvumo peke yake. Lile jekundu lilikuwa na kelele za mikwaruzo katika vifundo, na uzi mmoja haukusikika vizuri. Lile la kahawia lilisema wazi kutoka chini hadi juu. Tulilinunua, na fedha zilizobaki zikatosha nyuzi za akiba na waya mzuri. Kurudi shuleni, wapo waliolalamika kwamba tumeleta kikongwe. Baadhi yao wangali wanalalamika.

Msomaji kijana, huenda usinunue gitaa maishani mwako. Lakini utachagua kalamu, jembe, cherehani, baiskeli; na siku moja huenda ukawachagulia wengine vyombo vya kazi, ukiwa mwalimu, mzazi au mkuu wa idara. Kumbuka basi kwamba chombo kibaya hakiishii kuharibu kazi, humsingizia mfanyakazi. Mtu humwona mwenzake akishindwa, akasema hana kipaji, na aliyeshindwa akaamini. Kabla ya kutoa hukumu hiyo nzito juu ya mtu, ni haki kukitazama kwanza chombo alichopewa, na kukisikiliza toka chini hadi juu.