Binti wa Isikizya na Kijapani kilichogoma katikati

Miezi minne ya mwanzo, maendeleo ya binti yalionekana kwa macho. Mlango wa chumba chake ulibandikwa kipande cha karatasi chenye alama ambazo hakuna mwingine nyumbani aliyezijua. Ndoo ya maji ikabandikwa, kopo la chumvi likabandikwa, hata kiroba cha mchele hakikusalimika. Mdogo wake wa darasa la tano alianza kuomba maji kwa kusema "mizu", na mama akacheka, akampa.

Familia hii inaishi Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora. Baba alishafariki. Mama ni mhudumu wa afya, mshahara wake mmoja unagawanywa kwa watoto watatu, na huyu wa kwanza, mwenye miaka 22, alimaliza kidato cha sita akakosa fedha za chuo. Alipotangaza kwamba anajifunza Kijapani kwa simu, mama hakushangaa sana. Kazini kwake kuna bango la maneno matano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ni mpango wa kuboresha huduma uliotoka Japani, ukaingia katika hospitali zetu kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na shirika la JICA. Kwa Kijapani maneno hayo ni seiri, seiton, seiso, seiketsu na shitsuke, na nayo yote yanaanza na S. Mama aliyafahamu ya Kiswahili kabla binti hajamfundisha ya kwao.

Kisha, mwezi wa tano, maendeleo yakasimama. Karatasi mpya hazikubandikwa tena. Binti akawa mkimya, mwenye hasira za karibu, anarudia somo lilelile wiki nzima. Ukimuuliza amefika wapi, anajibu, "Palepale, mama."

Hapo ndipo baba mkubwa alipoingilia. Ni mkulima wa tumbaku, mtu wa hesabu, na yeye ndiye aliyeahidi kuchangia mabati ya chumba cha pili. "Shemeji," alisema, "huyu mtoto anaongea peke yake usiku, na bando linakwisha. Pesa hiyo ingeshanunua mabati manne." Kwa mawazo yake, binti alikuwa amefika mwisho wa akili yake kwa lugha hiyo, basi atafutiwe mtaji wa genge.

Mzazi anayesoma haya pengine anaujua mwezi huo wa tano, hata kama mwanawe hajifunzi Kijapani. Tabu yake ni kwamba mwanzo wa lugha unahesabika, na katikati yake hakuhesabiki. Mwanzoni kuna herufi 46 za hiragana, ukizimaliza unazo 46 za katakana. Kitabu cha Minna no Nihongo, kinachotumiwa na wanafunzi wengi duniani, kina masomo 50 ya ngazi ya mwanzo katika juzuu mbili. Kila siku una kitu cha kumwonyesha mama. Ukivuka hapo, unachojifunza ni kuyasikia yaleyale uliyokwisha kuyajua, yakisemwa haraka, yamekatwakatwa, na mtu ambaye hakusoma kitabu chako.

Binti alilipata hilo kwenye tamthilia. Kitabu kilimfundisha "tabemasu", anakula, kwa adabu zote. Kwenye tamthilia hakuna aliyesema hivyo. Watu wa nyumba moja wanaambiana "taberu", na aliyekwisha kula anasema "tabechatta". Ni kama mgeni aliyefundishwa "nimekwisha kula" halafu anashuka stendi ya Tabora anasikia "nshakula". Neno analijua, lakini linampita.

Halafu kuna suala la nani kafanya nini. Kitenzi chetu kinabeba mtu wake mbele: nilikula, ulikula, walikula. "Tabemashita" kinasema tu kwamba kula kulifanyika. Aliyekula unamtafuta mwenyewe kwenye mazungumzo yaliyotangulia. Mwanafunzi wa mwanzo hasumbuki, maana sentensi zake ni fupi na kila mtu katajwa. Wa ngazi ya kati anapewa aya nzima isiyotaja mtu.

Na herufi zenye asili ya Kichina, kanji, nazo huanza kwa upole. Alama ya uhai na kuzaliwa, 生, inasomwa "sei" ndani ya "sensei", yaani mwalimu. Ndani ya "umareru", kuzaliwa, inasomwa "u". Ikisimama kwa maana ya kitu kibichi, inasomwa "nama". Aliyejifunza sauti moja anajiona ameijua, na wiki ya pili anagundua amejua sehemu tu. Serikali ya Japani imeorodhesha kanji 2,136 za matumizi ya kawaida.

Hata wenye mtihani wanaijua shida hii. Mtihani wa kimataifa wa Kijapani, JLPT, ulikuwa na ngazi nne. Mwaka 2010 zikawa tano, kwa kuingizwa ngazi mpya katikati, N3, kwa sababu pengo kati ya ngazi ya tatu na ya pili lilikuwa kubwa mno. Waliotunga mtihani walilazimika kuongeza kipandio kwenye ngazi, lakini binti wa Isikizya alikuwa akijilaumu kwamba miguu yake ni mifupi.

Muda nao una la kusema. Chuo cha wanadiplomasia wa Marekani huwapangia wanafunzi wake takriban wiki 36 za Kiswahili na wiki 88 za Kijapani. Hao ni watu waliokulia Kiingereza, wanaokaa darasani mchana kutwa, tena wakilipwa. Binti huyu ana saa mbili za simu, na kuna siku umeme haupo.

Faida anayo vilevile, na ni ya bure. Kijapani kina irabu tano kama zetu, na karibu kila silabi inaishia na irabu, kwa hiyo ulimi wa Kiswahili haupati taabu. Kijapani husema "basu" pale tunaposema basi. Kurefusha irabu hubadili maana: "obasan" ni shangazi au mama mdogo, "obaasan" ni bibi. Anayejua tofauti ya kufa na kufaa hahitaji kufundishwa mara mbili. Tena, somo la 37 la kitabu kile, linalowatesa wengi, linahusu kutendwa, na la 48 linahusu kutendesha. Kula, kuliwa, kulisha: taberu, taberareru, tabesaseru. Mkia wa kitenzi unabadilika kama wetu. Siku alipoliona hilo, binti alimwita mama jikoni kumwonyesha, na mama, ambaye Kinyamwezi ndicho alichokulia, akaanza kutafuta mifano ya kwao.

Tabora watu wamelipita pengo hili siku nyingi. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, waliotembea na misafara mpaka Bagamoyo, hawakuzaliwa na Kiswahili. Na mzazi yeyote wa leo amemwona mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili miaka saba akiingia kidato cha kwanza, vitabu karibu vyote kwa Kiingereza, akanyamaza muhula mzima. Wengine tuliwaita wajinga. Wengi wao walikuwa wanasikiliza.

Kilichobadilika nyumbani kilianza na usingizi. Bando la usiku ni nafuu, kwa hiyo binti alikuwa akisoma kuanzia saa sita mpaka alfajiri. Mama alirudi zamu siku moja akamkuta macho mekundu. "Shikamoo mama." "Marahaba. Ulilala saa ngapi?" Hakuwa amelala. Mama anajua kazini kwake maana ya kukesha. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi, na ni wakati wa usingizi ubongo unapopanga na kushikiza yaliyosomwa mchana. Kukesha na kanji ni kuchota maji kwa ndoo iliyotoboka. Wakakubaliana: bando la usiku litumike kupakua tu, nusu saa, kisha simu inalala kwa mama.

Baada ya hapo binti akapunguza mambo. Aliacha programu tatu kati ya nne. Akachukua mazungumzo mafupi ya masomo ya NHK World, ambayo yana maelezo ya Kiswahili na hayana malipo, akawa anasikiliza moja kwa siku tatu, anasema pamoja na sauti, mpaka mdogo wake naye akaanza kuyasema. Anayarudia masomo ya juzuu ya kwanza aliyodhani ameyamaliza. Kwa nje hii ni kurudi nyuma, na baba mkubwa aliisema hivyohivyo.

Mama naye akaacha kuuliza "umefika somo la ngapi?" Sasa anauliza, "leo umeelewa nini ambacho jana hukukielewa?" Siku nyingine jibu ni hakuna. Siku moja binti alicheka peke yake chumbani, akatoka kueleza utani wa kwenye tamthilia. Ukielezwa kwa Kiswahili haukuchekesha hata kidogo.

Kuhusu kazi, mama amekuwa mkali. Mwezi Aprili 2019 Japani ilianzisha viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, wakiwemo wahudumu wa wazee, na kwa kawaida mwombaji hutakiwa kufaulu N4 au mtihani unaolingana nao, pamoja na mtihani wa kazi yenyewe. Alipokuja kijana mmoja akidai anaweza "kumpitisha" binti bila mtihani kwa kianzio cha pesa taslimu, mama alimpa chai akamsindikiza. Anajua pia kwamba JLPT haupimi kuongea, ni kuchagua majibu tu, kwa hiyo mwenye cheti anaweza kufika akashindwa kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Ndiyo maana kuongea peke yake usiku, kule kulikomkera shemeji, sasa kunafanyika mchana, sebuleni, mbele ya watu.

N4 bado hajaifanya. Mtihani huwa Julai na Desemba, wala si kila nchi huufanya mara zote mbili, na nauli ya kuufuata haijapatikana. Mabati ya chumba cha pili nayo hayajanunuliwa. Baba mkubwa akipita jioni anauliza, na binti anamjibu kwa Kijapani kwanza, halafu kwa Kinyamwezi.