Sikio la Ng'ombe Ndani ya Rambo

Miaka ya 1980, katika maabara ya hospitali moja huku Karatu, pipeti tulizivuta kwa mdomo. Damu, mkojo, vyote vilipanda kwa nguvu ya mashavu, na aliyesita alichekwa. Friji ilikuwa moja: juu sampuli, chini soda za wafanyakazi.

Walioogopa waliogopa kifua kikuu. Mimi niliogopa kimeta. Ngorongoro inakijua siku nyingi: kinaua nyumbu, kinaua mbuzi, kisha kinamgeukia aliyechuna mzoga. Asubuhi moja mzee wa Kimasai aliteremka kutoka hifadhini, akaweka rambo mezani.

"Daktari, huyu amekufa usiku. Damu inatoka puani, haigandi."

(Watu wa maabara sote tuliitwa madaktari, na hakuna aliyekataa.) Ndani mlikuwa na sikio la ng'ombe, bichi, linachuruzika. Mwenzangu alilikata kwa wembe palepale, mikono mitupu, akapaka slaidi na kuitia rangi. Kwenye hadubini vikaonekana vijiti vya buluu vimeungana kama reli, kila kimoja na ganda la waridi. Kimeta chenyewe. Rambo likaishia shimo la taka.

Kijidudu hiki kikipata hewa hujifunga kuwa spora, nazo hukaa udongoni miaka na miaka. Spiriti haiziui. Meza ile ilifutwa kwa spiriti.

Ukimwi ndio uliotuletea glavu na sefti boksi. Mdomo ukaachana na pipeti. Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alipothibitishwa Arusha, hata mhasibu alivaa barakoa bila kuambiwa.

Lakini kwangu badiliko kubwa ni daftari. Siku hizi jokofu la sampuli lina kufuli, na kila chupa ina maandishi: nani kaiweka, nani kaitoa, imekwenda wapi, imeteketezwa lini. Vijana hulinung'unikia daftari kuliko glavu. Hawajaona sampuli ya kimeta ikipotea bila mtu kuulizwa. Glavu inamkinga mpimaji. Daftari linahakikisha kijidudu hakiangukii mikononi mwa asiyehusika, mzembe au mwenye nia mbaya. Na sampuli yenyewe haifunguliwi ovyo. Hufungwa chupa ndani ya chupa na kupelekwa kwenye maabara yenye uwezo, Arusha au Moshi.

Nanyi wafugaji wa Endulen na Nainokanoka, mkikuta mzoga unaotoka damu nyeusi, msiuchune, wala msikate sikio. Uacheni ulivyo, mwiteni afisa mifugo.