Risk imesahau wabebaji

Wasee, leo nitakera watu wa Risk. Ule mchezo wa vita ni mtamu, sikatai, lakini sheria yake ya kuongeza majeshi iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kungoja pesa itumwe kutoka nyumbani.

Nilifunzwa hostelini. Zamu ikifika unahesabu maeneo yako, unagawa kwa 3, na hata ukibaki na kaeneo kamoja unapewa majeshi 3. Bure! Ukishika bara zima unaongezewa: Australia 2, Afrika 3. Sasa cheki, Australia ina mlango mmoja tu. Afrika ina mitatu, na adui anatokea Brazil, Ulaya ama Mashariki ya Kati. Mimi nilikuwa nashika Afrika kila siku juu ya mapenzi, na kila siku jamaa wa Australia ananimaliza.

Lakini kinachoniuma zaidi, majeshi yanatokea tu pale unapoyaweka. Nani ameyalisha? Mwaka wa 1914 Wajerumani waliingia Kisii, hapa tu juu ya Oyugis, na vita ile hadi 1918 ilibebwa kichwani. Wazee wa Nyanza walichukuliwa kubeba unga na risasi. Wengi hawakurudi, na magonjwa yaliua kuliko bunduki. Kariokor ya Nairobi ni Carrier Corps hiyo hiyo, ikitamkwa na ulimi wetu.

Mimi pia nilikuwa na njia yangu. Mzee wangu analima viazi vitamu. Gunia linatoka shambani kwa boda, linafika soko la Oyugis, broka anataja bei anayotaka, pesa inaingia kwa simu ya mzee, halafu kwa yangu. Semista moja mvua ilikata barabara na viazi vikaoza. Siku ya mtihani jina langu halikuwa kwa listi. Majeshi 3 ya bure sikuyaona.

Siku hizi tunacheza na mabinamu kwa sheria yetu. Unachagua eneo moja liwe nyumbani. Majeshi mapya yote yanaanzia hapo, yanasonga maeneo mawili kwa zamu, ndani ya ardhi yako tu. Njia ikikatwa, walio mbele hawaongezewi kitu. Australia sasa inateseka, juu ule mlango mmoja ndio pia njia yake moja. Shida ni mchezo umekuwa mrefu, tunamaliza usiku.

Jumapili mzee aliketi nasi. Akaweka nyumbani kwake Afrika Mashariki, zamu nne hakushambulia mtu. Nikamuuliza, "Baba, unangoja nini?"

"Nangoja mzigo ufike."