Mfumo Niupendao

Watu hutofautiana katika kupenda vyombo vya kazi kama wanavyotofautiana katika kupenda vyakula. Yuko seremala asiyeweza kulainisha ubao ila kwa randa yake mwenyewe, na yuko mkulima anayelikataa jembe la jirani hata likiwa jipya. Tofauti hizi hazina budi kuheshimiwa, maana mkono ndio ujuao kinachouchosha. Mimi napenda kutumia Linux katika kompyuta yangu ya mezani. Hapa Mitaboni, ambako karibu kila mtu aliyefundishwa kompyuta alifundishwa kwa Windows, mapenzi haya hunifanya nitazamwe kama mtu aliyekwenda sokoni amevaa viatu viwili vya mguu wa kushoto. Nataka kueleza kwa nini sioni haya.

Kompyuta peke yake ni sanduku la chuma na nyaya. Kinachoiwezesha kupokea amri, kufungua hati na kuituma kazi printa ni mfumo endeshi, yaani msimamizi wa shughuli zote zilizomo ndani yake. Windows ni mfumo wa namna hiyo, na mwenye mali yake ni kampuni ya Microsoft ya Marekani. Linux ni mwingine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, aliyekuwa na umri wa miaka 21, alitangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo kwa kujifurahisha tu. Mwaka uliofuata alikitoa chini ya leseni iitwayo GPL, iliyotungwa na Richard Stallman, Mmarekani ambaye mwaka 1983 alikuwa ametangaza mradi wa kuunda programu huria. Leseni hiyo inasema: chukua, tumia, chungua, geuza, gawa, lakini ukimgawia mwenzako, mpe na haki zile zile ulizopewa wewe.

Mkamba hahitaji kufasiriwa sharti hilo. Matuta ya fanya juu yanayofuata mikunjo ya vilima vyetu, yakizuia udongo usichukuliwe na mvua, mengi yalichimbwa kwa mwethya: leo tunakutana shambani kwako, kesho shambani kwangu, na aliyechimbiwa haulizwi fedha bali huulizwa mkono wake siku ya mwenziwe. Programu huria zilikua kwa desturi inayofanana na hiyo. Wala nisimdanganye msomaji akadhani kwamba wote waiandikao Linux hujitolea tu. Wengi wa waandishi wa kiini chake leo hulipwa mishahara na makampuni makubwa, ambayo yanakihitaji kwa faida yao. Lakini tuta likishachimbwa humzuilia udongo kila mtu, na kiini hicho hicho kimo ndani ya simu za Android. Mama auzaye maembe sokoni, akipokea malipo yake kwa simu ya namna hiyo, hutumia kazi ya Torvalds bila ya kuwa na haja ya kulijua jina lake.

Sababu kubwa ya upendo wangu, hata hivyo, si historia. Ni umri wa vyombo. Kompyuta nyingi zinazofika vijijini kwetu ni mitumba. Zimekwisha kutumika katika ofisi za Nairobi au ng'ambo, na huja kwetu zikiwa na nguvu za kutosha kazi zetu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda, na mfumo ulioifuata, Windows 11, unadai kipande maalumu cha usalama pamoja na vichakato vya miaka ya karibuni, vitu ambavyo mashine nyingi za zamani hazina. Mashine isiyopata marekebisho ya usalama ni nyumba ambayo kufuli yake haitengenezwi tena. Kwa tangazo moja, vyombo vizima vilivyo vyema vikahesabiwa kuwa wazee.

Dada yangu alikuwa na kipakatalishi cha namna hiyo, alichomnunulia binti yake aliye kidato cha tatu. Alinijia jioni moja na neno zito. Fundi alikuwa amemwambia kwamba chombo kimefikia mwisho wake, naye amekwisha kupatana bei ya mtamba wake na mfanyabiashara wa mifugo. "Kaka," akaniambia, "mtoto ana mtihani mwakani. Nisipouza, atasomea nini?" Msomaji aliyelelewa Ukambani anajua mtamba ni nini: si nyama tu, ni maziwa yajayo, ni ada ya mihula ijayo, ni neno la mjane mbele ya watu. Nikamwomba anipe siku mbili. Kipakatalishi kilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Nikahifadhi kazi zote za mtoto, nikakiwekea Linux Mint kwa flashi niliyokwisha kuitayarisha, na kazi yenyewe haikutimiza saa moja. Kiliwaka upesi kuliko kilivyokuwa kikiwaka awali. Mtamba hakuuzwa.

Hapa ndipo penye maoni yangu yote. Anunuaye Windows hanunui mfumo, bali ruhusa ya kuutumia kwa masharti, na wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Siichukii kampuni kwa kupanga biashara yake. Hiyo ni haki yake, na wanaoandika programu wana watoto wa kulisha. Nakataa tu kwamba siku ya kufa kwa chombo kilicho juu ya meza ya mama wa Mitaboni iamuliwe na mtu asiyemjua mama huyo. Hata katika mambo madogo nataka kuombwa rai. Mfumo wangu hunijulisha kwamba kuna marekebisho mapya, kisha hungoja. Nami huyapakua siku nikiwa na bando la kutosha.

Iko furaha nyingine, ndogo kidogo lakini tamu. Mmoja wa mifumo ya Linux ijulikanayo sana, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, unaitwa Ubuntu. Neno hilo la Kizulu na Kixhosa ni ndugu wa neno letu utu, na Mkamba, ambaye mtu humwita mundu, hulisikia kama sauti ya jamaa anayebisha hodi. Mwaka huo huo wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Uswidi, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kumbembeleza mwenye mali, kwa kuwa leseni ilikuwa imekwisha kuwapa haki ya kuigeuza.

Sasa nimsikilize na mpinzani wangu, maana ninaye, naye si mjinga. Rafiki yangu mwenye duka la kuchapa na kunakili hati pale sokoni huniambia kwamba rahisi ghali. Mteja wake huja na hati iliyoandikwa kwa Word, ataka itoke kama ilivyo, na gari la Machakos linapiga honi. Hana nafasi ya kujifunza mfumo mpya, na printa yake kubwa haina programu ya kuiendesha katika Linux. Ningekuwa yeye ningefanya kama yeye. Nakubali pia kwamba ziko mashine ambazo Linux hushindwa kuwasha kipokezi chao cha mtandao mpaka mtu atafute dawa yake usiku kucha, na kwamba mtumiaji wake kijijini ni mpweke, kwa kuwa jirani wa kumwuliza hayupo. Mpwa wangu mwenyewe hufanya mazoezi ya shuleni kwa Windows na ya nyumbani kwa Linux. Hunung'unika kwamba menyu hazifanani, ingawa amegundua kwamba fomula za kujumlisha na kutafuta wastani ni zile zile.

Hati ninayoipanga kwangu, ikifunguliwa kwa Word pale dukani, pengine mistari huruka na majedwali hupinda. Kwa hiyo barua zangu humpelekea rafiki yangu katika PDF, ambayo haibadili sura. Huzichapa bila taabu, huku akinikumbusha kuhusu rahisi na ghali kwa sauti ya kusikiwa na wateja wote, kisha hunitoza kwa kila ukurasa bei ile ile anayowatoza wengine.