Ununue Mshipi Gani wa Kuvulia?

Siku hizi huku kwetu Unyanyembe vijana kadhaa wameanza kuvua kwa fimbo yenye rili, yaani kile chombo kidogo chenye mkono wa kuzungushia, ambacho huuachia mshipi uende mbali na kisha kuurudisha. Wengine wameachiwa na wageni waliorudi kwao, wengine wamenunua ambazo zimekwisha tumika. Chombo chenyewe ni kizuri. Lakini mara nyingi huja bila uzi, au na uzi uliokwisha oza, na hapo ndipo kijana huenda dukani na bei ya jogoo mmoja mfukoni, naye mwenye duka humwambia: "Chukua huu mnene, huu haukatiki hata ukimfungia ng'ombe." Basi naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya shauri hilo, maana naona si shauri jema, na mahali pengine laweza kumgharimu mtu mkono wake.

Mimi ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu, na ualimu hautoki mwilini upesi, kwa hiyo mnisamehe nikieleza kama niliye mbele ya ubao. Uvuvi sikuusoma chuoni. Mjomba wangu alikuwa mvuvi kando ya Malagarasi, na likizo zangu nyingi za shule nilizimaliza kwake nikimshikia kopo la chambo. Yeye hakupata kushika rili maisha yake yote. Alivua kwa mshipi wa mkono, ndoana moja na chubwi ya risasi. Hata hivyo mengi niyajuayo juu ya nyuzi nimeyapata kwake.

Wazee wa zamani walisokota nyuzi zao wenyewe kwa magome na majani ya miti. Misafara ya pwani ilipopita hapa Tabora, mahali ambapo Burton na Speke walipaita Kazeh walipofika tarehe 7 Novemba 1857, wapagazi walibeba nguo, shanga na nyaya, wala sidhani kama kuna aliyebeba mzigo wa mishipi. Nyuzi za pamba na kitani zilikuja baadaye, nazo zilikuwa na taabu yake: ukizilaza na maji usiku mmoja bila kuzianika, zaoza. Nailoni ndiyo iliyobadili mambo. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 huko Marekani, katika kampuni ya DuPont, na mtaalamu aliyeitwa Wallace Carothers, ikatangazwa kwa watu mwaka 1938. Nailoni haiozi kwa maji. Adui yake ni jua, na hilo wenye maduka wengi hawalijui au hawalijali. Duka moja la hapa mjini huning'iniza mishipi yake mlangoni, jua la mchana kutwa likiipiga miezi na miezi, kisha huiuza kuwa mipya. Mimi nilinunua hapo mara moja, na perege wa kwanza aliondoka na ndoana. Basi ukienda kununua, omba kile kidonge kilichokaa ndani, katika kisanduku chake. Vuta urefu wa mkono mmoja, upitishe kati ya kucha mbili; ukisikia mikwaruzo, rudisha. Piga fundo moja la kawaida, kisha uvute ghafula. Uzi mzima utakuumiza vidole kidogo kabla haujakatika. Uzi uliopigwa na jua utakatika kama jani kavu.

Sasa juu ya unene. Rili ya namna hii ina siri moja. Unapoutupa mshipi, bobini yake haizunguki. Inasimama kimya, na uzi huchomoka kwa mbele, duara baada ya duara, kama fundi cherehani anaposimamisha kidonge cha uzi mezani na kuuvuta kwa juu. Bwana Alfred Illingworth wa Bradford, mji wa viwanda vya sufu huko Uingereza, ndiye aliyepata hataza ya chombo cha namna hii mwaka 1905, na tangu hapo njia ni ile ile. Kwa sababu hiyo uzi mnene na mgumu haufai hapo. Unakumbuka mviringo wa bobini, unaruka wenyewe kama chemchemi, unakwaruza mdomo wa bobini na kujifunga matata. Kijana hutupa kwa nguvu zake zote, na chubwi huanguka hatua kumi mbele yake. Kwa rili ndogo itoshayo kiganjani, nailoni ya unene wa milimita 0.25 hadi 0.30 yatosha kabisa kwa perege na kambale wa bwawa letu la Igombe.

Haya nayasema kwa sababu ya mtoto wa dada yangu. Dada yangu ni mjane, analima mahindi na karanga kidogo, na huyu kijana wake wa miaka 16 ameachiwa fimbo na rili na padre mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Samaki wawili watatu kwa juma katika nyumba ile si mchezo. Ni mboga, na akibaki mmoja wa kuuza ni daftari. Alikuja ofisini kwangu na kidonge mkononi, mwenye duka amemkopesha akionyeshe kwanza.

"Mjomba, asema huu ni wa kilo 20."

"Hebu tusome, mwanangu. Umeandikwa nini?"

"Ishirini, halafu herufi mbili, LB."

Nikamweleza kuwa hizo si kilo. Hizo ni ratli, kipimo cha Waingereza, na ratli moja haifiki hata nusu kilo. Ratli 20 ni kama kilo 9. Wenye maduka wengi husoma tarakimu tu na kuyaacha yale yaliyo mbele yake, na mnunuzi naye hufurahi kuwa amepata uzi wa nguvu kwa bei ndogo. Hata hizo kilo 9 zilikuwa nyingi mno kwa rili yake. Tukaurudisha.

Akaniuliza swali la haki kabisa: "Na nikimpata kambale wa kilo 8, uzi wa kilo 6 utamwezaje?" Jibu ni kwamba samaki aliye majini hana uzito kama aliye kwenye mizani, maana maji humbeba. Tena rili ina breki. Samaki akivuta kwa nguvu, breki huachia uzi kidogo kidogo mpaka achoke. Kuipima breki hiyo hakuhitaji ufundi: tia sukari kilo 2 katika mfuko, ufunge kwenye mshipi wa kilo 6, uinue polepole kwa mkono. Mfuko ukining'inia tu, breki imekazwa mno. Uzi ukiteleza na mfuko ukashuka taratibu, ni vyema. Mama yake alitoa sukari ile kwa moyo mzito, akasimama pale pale mpaka iliporudi kikombeni.

Lakini dada yangu hakuwa na wasiwasi juu ya sukari. Wasiwasi wake ulikuwa juu ya maji, kwa sababu kijana alikuwa amesema kwamba akizoea Igombe atakwenda kwa babu zake Malagarasi, kwenye samaki wakubwa. Na hapa ndipo shauri la uzi usiokatika linapokuwa baya kweli.

Jirani wa mjomba wangu alivua kwa kamba nene, ile ya kufungia nyavu. Siku moja ndoana yake ilinasa kisiki chini ya maji. Alivuta, kamba haikukatika, na kisiki hakikung'oka. Ndoana ilikuwa moja tu aliyo nayo. Akaingia majini mpaka kiunoni aifungue kwa mkono, na mamba akamshika mkono wa kushoto. Wenzake walimpiga mamba kwa makasia mpaka akaachia. Mtu yule alipona, mkono haukupona. Mto ule haujaanza jana tabia hiyo. Mwaka 1871, Stanley alipokuwa akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, punda wake mmoja aliyeitwa Simba alishikwa na mamba katika kivuko cha Malagarasi, watu wakiwa wamemfunga kamba shingoni, nao wakivuta hawakuweza kumwokoa.

Tangu siku ile mjomba wangu aliweka sheria kwa sisi wote tuliokaa kwake. Mshipi mkuu uwe wa nguvu ipasavyo, lakini kipande cha mwisho chenye ndoana, urefu wa pima moja, kiwe dhaifu kuliko mshipi mkuu. Kinaponasa, hukatika hapo mbele, nawe unapoteza ndoana na pima moja ya uzi. Mtu haingii majini kwa ajili ya ndoana. Alisema ndoana huuzwa dukani. Nami kwa huyu kijana nimefuata sheria hiyo hiyo: mshipi mkuu wa milimita 0.30, ulioandikwa kilo 6 au 7, na kipande cha mbele cha milimita 0.25, kilichoandikwa kilo 4 au 5. Ikinasa, asipinde fimbo, maana ataivunja. Ainyooshe fimbo ielekee kwenye kisiki, azungushie mshipi kwenye kipande cha mti, wala si kwenye kiganja, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua, mgongo ukielekea nchi kavu.

Kwa samaki wa meno makali walioko Malagarasi, wale wenye meno yaliyojitokeza nje kama misumari, nailoni ya mbele haifai kitu, huikata mara moja. Hao hutakiwa kipande kifupi cha waya mwembamba. Tena fundo la nailoni kwenye waya liwe ndilo dhaifu. Neno ni lile lile.

Mtaona pia nyuzi za kusukwa, zenye rangi ya kijani au manjano, nyembamba kama uzi wa cherehani na zenye nguvu ya kushangaza. Zilianza kuenea miaka ya 1990, na ni jamii ya uzi utumikao katika nguo za kuzuia risasi. Si uzi mbaya. Mvuvi wa Kigoma aliye ndani ya mashua, mshipi umeshuka mbali chini ziwani, hufaidika nao, kwa kuwa haunyumbuki na huhisi samaki akigusa tu. Lakini kwa kijana aliye ukingoni mwenye vidole vitupu, huo hukata nyama kama wembe, huteleza juu ya bobini usipofungwa nailoni kwanza, na ukinasa kwenye kisiki ndio ule wa ng'ombe tena. Kuna na aina iitwayo fluorokaboni, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1971, ambayo huzama upesi na haionekani sana majini. Ni ghali. Maji ya Igombe wakati wa masika ni kama chai ya maziwa, na perege wa huko hawaoni uzi wowote, basi fedha hiyo inunue chumvi.

Namna ya kuutia uzi kwenye rili yafaa niieleze, kwani wengi huharibu uzi mzuri siku ya kwanza. Huna haja ya kujaza bobini yote kwa nailoni mpya. Chini zungusha uzi wa zamani au hata uzi wa pamba, kisha juu yake mita 100 za nailoni. Jaza mpaka ibaki nafasi ya unene wa kijiti cha kiberiti kutoka mdomo wa bobini. Ukijaza kupita hapo, nyuzi zitamwagika zenyewe; ukipunguza sana, haziendi mbali. Laza kidonge kipya chini, uzi ukitoka kwa upande ule ule ambao rili inazungusha; ukiona unajisokota, kigeuze upande wa pili. Na ukiwa umekwisha jisokota, usitupe. Fungua ndoana na chubwi, nenda kwenye shamba lililovunwa lisilo na visiki, uachie uzi wote nyuma yako na kuuburuta hatua mia moja, kisha uurudishe ukiubana kwa kitambaa. Msokoto wote huisha. Watoto wa jirani walidhani tumerukwa na akili, mimi na kijana, tukiburuta uzi usio na kitu katika mashina ya mahindi.

Fundo lilowanishwe kwa mate kabla ya kulikaza, kwani nailoni kavu hujiunguza yenyewe kwa msuguano na kupoteza nguvu pale pale.

Jambo moja bado. Nyavu za nailoni ya uzi mmoja, zile ziitwazo timba, sheria imezikataza, na watu wengine hudhani mshipi wa nailoni umekatazwa pia. Sivyo, mshipi na ndoana si timba. Lakini ofisi ya uvuvi iulizwe juu ya leseni kabla ya kuuza samaki, na sehemu ya Mto Ugalla ambayo tangu mwaka 2019 ni hifadhi ya taifa isiingiwe bila ruhusa.

Na vipande vilivyokatika visiachwe ukingoni. Nailoni hukaa miaka, na miguu ya ndege na ndama hunasa humo. Hapo kwetu kuku wa jirani alikutwa amefungwa miguu yote miwili kwa uzi wa kijana wetu. Sasa ana kopo lenye kifuniko. Likijaa, dada yangu huvikatakata vipande kwa mkasi, urefu wa kidole, na kuvitupa chooni.