Mtori Atapika Nani?

Wachumba wa siku hizi tunajisifu kwamba tunaulizana kila kitu. Mshahara, madeni, dini, idadi ya watoto, mpaka majibu ya vipimo. Lakini kuna swali moja linaturuka karibu wote: mtoto wa kwanza akizaliwa, nani atakuja kukaa na mzazi, na atampikia nini? Cheka tu, mwenzangu. Ngoja yakukute.

Mimi ni wa Muheza, mume wangu ni wa Kibosho. Kwetu Tanga mimba ya kwanza ina adabu yake. Binti anarudi kwa mama, au mama anamfuata binti, na zinakaliwa siku arobaini za uji wa pilipili manga na maji ya moto. Kwa wenzetu Wachaga, mzazi ni mali ya ukweni. Mama mkwe ndiye anayemlisha, na zamani alilishwa kwa muda wa miezi mitatu hivi bila kushika jembe, mpaka anenepe watu waone kwamba ameolewa kwenye nyumba yenye chakula. Na chakula chenyewe, kabla ya kingine chochote, ni mtori.

Nilipofikisha miezi saba, mama yangu alikuwa ameshanunua kanga. Siku hiyo hiyo nikasikia kwamba mama mkwe ameshaandaa ndizi za kuja nazo. Mume wangu alikuwa amemkubalia kwenye simu, kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu anayekubali kuletewa parachichi. Jamani! Wiki mbili nyumba ikawa na baridi ya Julai. Si kwamba tulipigana. Tulikuwa tunaongea kwa adabu, na wanandoa mnajua adabu ya namna hiyo inavyotisha.

Jumamosi moja akaniambia, "Mke wangu, twende tukale mtori. Angalau ujue tunachogombania." Akanipeleka Mbezi, pembeni kidogo ya Barabara ya Morogoro, kwenye mgahawa wa viti vya plastiki na bati lisilo na dari. Ukutani kuna ubao ulioandikwa kwa chaki: mtori, machalari, kiburu, kitalolo. Chini kabisa, kwa wasiojiweza, chipsi kuku. Upande wa pili wazee walikuwa wanakunywa mbege kwenye kata, wakipokezana taratibu.

Kwa ambao hamjui, hivi si vyakula vya kubabaisha. Machalari ni ndizi zilizopikwa na nyama zikabaki na mchuzi wake. Kiburu ni ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja mpaka vikashikana. Mbege ni pombe ya ndizi mbivu na ulezi, na uchungu wake unatoka kwenye gome la mti wa msesewe. Ni chakula cha kihamba, yaani lile shamba linaloizunguka nyumba ya Mchaga, ambako migomba inaivika kahawa kivuli na ng'ombe anafungwa bandani. Anakula majani ya mgomba, na samadi yake inarudi kwenye mgomba. Hakuna kinachotupwa pale. Ukilielewa hilo unaelewa kwa nini Mchaga hawezi kuzungumzia ndizi kwa mzaha.

Mtori ukaletwa kwenye bakuli la udongo. Mzito, wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na harufu ya mifupa iliyochemka asubuhi nzima. Mimi mtoto wa nazi nilitegemea uji wa ndizi usio na ladha. Nikapiga kijiko cha kwanza, cha pili, na cha tatu sikukihesabu tena. Ulikuwa unateremka wenyewe, laini, nyama imechambuliwa vipande vidogo, mpaka mtoto tumboni akageuka. Mume wangu yeye alikuwa amenyamaza. Alikula nusu bakuli bila kuinua kichwa, halafu akasema taratibu, "Huu ni wa nyumbani kabisa."

Akamwita mpishi ampongeze. Akatoka dada wa makamo, amejifunga kitenge, mikono ina weusi wa utomvu wa ndizi.

"Dada, shikamoo ya mtori wako," mume wangu akatania. "Wewe ni wa wapi? Kibosho? Machame?"

"Mimi Mnyaturu, kaka. Singida."

Tulicheka mpaka wazee wa mbege wakageuka. Dada akatueleza kwamba alifika mjini kufanya kazi za ndani kwa familia ya Kichaga, na bibi wa nyumba ile ndiye aliyemfundisha. Ndizi ziwe mshare, usije ukadanganywa na nyingine. Ujipake mafuta mikononi kabla ya kumenya ili utomvu usikugande, na kila uliyomenya itumbukie kwenye maji isije ikawa nyeusi. Nyama ya mifupa ichemke kwanza mpaka ilegee, uitoe, ndizi na kitunguu viive kwenye supu ile ile, ndipo uponde kwa mwiko na kuirudisha nyama. "Haina uchawi," akasema. "Inataka mtu asiye na haraka."

Mume wangu, kwa furaha, akamwambia kwamba nyumbani tuna mgogoro wa nani atakuja kunipikia mtori. Dada akanitazama tumbo, akamtazama yeye, akauliza swali ambalo hakuna mtu katika koo zetu mbili aliyekuwa ameliuliza.

"Kwani wewe baba mtoto una mkono mbovu?"

Kimya kilichofuata kilikuwa kizuri kuliko mtori wenyewe. Na hapo ndipo tulipoanza kuongea kweli, mimi na yeye, kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Akaniambia kwamba kumkatalia mama yake kungekuwa kama kumwambia hana tena kazi kwetu, na baba hayupo. Nami nikamwambia kwamba siku ile nitakayokuwa na maumivu na maziwa yanavuja, mtu ninayeweza kulia mbele yake bila aibu ni mama yangu. Wote wawili tulikuwa tunagombania kitu cha maana. Hakuna aliyekuwa anagombania supu.

Tukachukua kalamu tukapiga hesabu za watu wazima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inanipa siku 84 za likizo ya uzazi. Baba anapewa angalau siku 3. Tatu! Sheria yenyewe inaonekana iliandikwa ikijua kuna mama mmoja njiani na kikapu. Tukagawa: arobaini za kwanza za mama yangu, 44 zilizobaki za mama mkwe, mpaka siku ya kurudi kazini. Na mtori wa siku zote za mwanzo, apike baba mtoto.

Nisikudanganye kwamba kila mtu alipiga vigelegele. Mama mkwe alipokea habari kwa "haya", kisha kwa wiki nzima simu ilikuwa fupi. Mpaka leo, tukikaa vizuri, hakosi kukumbusha kwamba alimkuta mjukuu ameshatimiza arobaini. Hilo deni lipo, na mume wangu ndiye anayelilipa, kwa kuwa ni mama yake. Lakini alipofika na kumwona mwanaye jikoni, mikono imepakwa mafuta, anamenya mshare, aliweka kikapu chini akatazama muda mrefu. Akaonja. Akasema chumvi imezidi. Kisha akamaliza bakuli.

Kwa hiyo wewe uliyevishwa pete juzi, ushauri wangu ni mdogo. Kabla ya kamati ya harusi kuanza kujadili ndafu na ukumbi, mpeleke mwenzio sehemu wanayopika chakula cha kwenu, naye akupeleke cha kwao. Kuleni. Halafu ulizaneni: chakula hiki hupikwa lini, nani hukipika, na kwa ajili ya nani? Utasikia habari za mama, za misiba, za uzazi na za pesa kuliko utakazozipata kwenye miadi kumi ya pizza. Na ukimaliza, muulize kama anajua kukipika mwenyewe. Akisema hajui, mwambie mshare zinapatikana sokoni.