Spika Bila Boksi: Hamburg Wanapima, Dar Tunasikiliza

Hapa Hamburg, ukimwambia mtu wa fani kwamba umejitengenezea spika, swali lake la kwanza ni: grafu yake iko wapi? Dar es Salaam, ukimpelekea fundi spika, swali la kwanza ni: boksi lake liko wapi? Mimi ni mpenzi wa spika zisizo na boksi kabisa, kwa hiyo pande zote mbili nina maelezo ya kutoa. Leo nawaandikia zaidi ninyi mlio nyumbani. Huku Ulaya spika za ubao wazi ni starehe ya watu wachache, lakini kwa maoni yangu zinazifaa sebule zetu za saruji kuliko vyumba vya huku. Ufundi tunao, mbao tunazo, na spika kuukuu zimejaa mitaani. Kinachotukwamisha ni mazoea ya kuisifu spika kwa besi tu, pamoja na namna tunavyopanga makochi.

Ubao unafanya kazi gani

Koni ya spika ikisukuma hewa ya mbele, papo hapo inavuta ya nyuma. Kwa hiyo kila spika hutoa sauti mbili zilizo kinyume, na zikikutana pembeni zinafutana. Chukua spika tupu ya inchi 12, iunganishe na amplifaya bila kuifunga popote: mwimbaji utamsikia, besi hutaipata. Boksi linatibu tatizo hilo kwa kuifungia ndani sauti ya nyuma. Ubao wazi unaiacha itoke, ila unairefushia njia ya kuzunguka kuja mbele.

Faida yake ni kwamba hakuna hewa iliyobanwa, wala hakuna kuta nyembamba za boksi zinazotetemeka na kuongeza sauti yake juu ya muziki. Hasara iko kwenye besi. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu meta 7, na ubao wenye upana wa sentimeta 60 hauwezi kulizuia lisizunguke. Kwa ubao wa kiasi hicho sauti huanza kupungua takribani kwenye hezi 200, kisha kila ukishuka oktava moja unapoteza desibeli 6. Ukifika hezi 50 umeshapoteza desibeli 12. Kuzirudisha kunataka amplifaya itoe nguvu mara 16 na koni itembee mara 4 zaidi. Ndiyo maana spika hizi hutumia koni za inchi 12 au 15 hata kwenye chumba kidogo.

Spika ya ubao wazi yenyewe ni ya zamani. Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walieleza spika ya koili inayotembea mwaka 1925. Boksi lililozibwa kabisa kwa ajili ya besi lilipata umaarufu miaka mingi baadaye, Edgar Villchur alipotoa AR-1 mwaka 1954. Redio za valvu zilizokaa sebuleni kwa babu zetu zilikuwa wazi mgongoni: kadibodi yenye matundu tu, ili joto la valvu lipate pa kutokea. Wazee waliosikiliza taarifa ya habari na muziki wa dansi kwenye redio ya mbao walikuwa wanasikiliza ubao wazi miaka yote hiyo.

Huku, mtu aliyeupa ubao wazi hesabu na heshima mpya ni Siegfried Linkwitz, mhandisi Mjerumani aliyefanya kazi Hewlett-Packard kule California. Yeye na Russ Riley ndio wenye krosova ya Linkwitz-Riley, yaani saketi ya kugawa masafa kati ya spika za besi na za juu, ambayo leo imo hata ndani ya mitambo ya muziki ya kukodi. Michoro ya spika zake, kama Orion na LX521, imewapa watu wa kawaida mahali pa kuanzia. Alifariki mwaka 2018.

Kukata mbao

Nikitaka ubao hapa Hamburg, naenda duka kubwa la vifaa vya ujenzi na karatasi ya vipimo. Mashine inakata plaiwudi mistari iliyonyooka, pande zote sawasawa. Tundu la duara hawakati, hilo ni juu yako, na mpangaji wa ghorofani hana uani wa kupigia msumeno. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni muda wa utulivu, na Jumapili nayo hutoboi hata tundu la skrubu. Fundi wa kukufanyia yupo, lakini gharama yake ndiyo inayowafanya wengi wajifunze kujifanyia wenyewe.

Keko, Dar es Salaam, mambo ni kinyume. Fundi seremala anapiga msumari katikati ya ubao, anafunga uzi na penseli, anachora duara, na msumeno wa umeme unamaliza. Plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande vinne vya karibu sentimeta 60 kwa 120: viwili vya mbele, viwili vya kukatia mbawa za pembeni na miguu. Mchoro fundi ataupokea, lakini ukimwekea spika yenyewe mezani aipime, utapata kazi safi zaidi. Msisitizie mambo matatu. Kwanza, unene wa ubao usipungue milimita 18. Pili, tundu lisikae katikati ya upana. Lisogee upande mmoja, ili sauti inayozunguka kingo mbili isifike mbele kwa wakati mmoja na kuchimba shimo kubwa mahali pamoja kwenye masafa. Tatu, ukingo wa tundu kwa nyuma uchongwe mshazari, koni ipate kupumua. Hili la tatu fundi huliona la ajabu, maana yeye amezoea kupamba mbele, na wewe unamlipa apige msasa mahali ambapo mgeni hatapaona.

Nyuma ya ubao weka kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Kwetu kuna vumbi, kuna mijusi, na kuna watoto wenye vidole vya kudadisi.

Magneti ndogo

Likizo iliyopita nilikaa na mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani, Dar, anayerudishia spika koni na koili. Nilikuwa na spika mbili za inchi 12 zilizotolewa kwenye radiogramu bovu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Leta tuone."

Akaichukua moja, akaipima uzito kwa kiganja, akatikisa kichwa. "Magneti ndogo hii. Besi utaitoa wapi?" Hata hivyo hakuiweka chini. Alitanua vidole vitatu juu ya koni, akaibonyeza taratibu bila kuipinda upande, huku ameinamisha sikio kusikiliza kama koili inakwaruza. Akarudia akiwa ameizungusha spika kidogo, kisha tena. Kimya. Akachomoa betri ya redio mfukoni, akagusisha waya mbili, koni ikaruka mbele. "Chanya huku," akasema, akatia alama nyekundu.

Kuhusu boksi, neno lake lina ukweli. Kwenye ubao wazi hesabu inageuka. Magneti kubwa huishika koni kwa nguvu, na spika ya namna hiyo huanza kupoteza besi mapema, halafu ubao nao unaipunguza zaidi. Magneti ndogo huiachia koni icheze huru karibu na masafa yake ya asili, na ule uhuru unafidia sehemu ya besi inayopotea pembeni. Watengenezaji huandika namba ya uhuru huo, iitwayo Qts. Kwa ubao wazi tunatafuta 0.7 hivi na kuendelea, wakati spika nyingi za magneti nzito zina 0.3 au 0.4. Huku Ujerumani watu hununua spika mpya za Visaton B 200 kwa sababu hiyohiyo ya Qts kubwa. Kwetu, spika zenye tabia hiyo zimelala kwenye marundo ya radiogramu na televisheni za zamani, na wauzaji wanazitoa kwa bei ya chini kwa kuwa ni nyepesi mkononi. Chagua yenye koni nyepesi ya karatasi isiyochanika, na umwombe fundi aijaribu kwa vidole na betri kama alivyofanya mzee wangu.

Kujua kama ni nzuri

Wenzetu wa huku hawaamini sikio mpaka wameona grafu. Programu ya kupimia sauti ya REW inapatikana bila malipo, na maikrofoni kama UMIK-1 huja na faili lake la usahihi kulingana na namba ya kifaa. Unapiga sauti inayopanda kutoka besi hadi juu kabisa, na kompyuta inakuonyesha wapi kuna kilima na wapi kuna bonde. Ni msaada mkubwa. Tabu ni kwamba ndani ya fleti maikrofoni inachukua spika na kuta kwa pamoja, na nje kuna baridi na majirani. Kwetu, beba spika uani usiku mtaa ukishatulia, ipandishe juu ya meza, weka maikrofoni umbali wa meta 1, pima. Uani wa Tabata unatoa grafu safi kuliko sebule ya Hamburg mwezi Januari.

Sisi nasi tuna kipimo ambacho huku ni adimu: nyumba nzima ina maoni. Mpenzi wa muziki wa huku husikiliza peke yake kwenye kiti kimoja. Kwetu anapita mama, anapita shemeji, anapita jirani aliyekuja kuomba chumvi, na kila mmoja anatoa hukumu yake. Msidharau hukumu hizo. Mama akisema muziki unachoma masikio, angalia grafu kati ya hezi 2,000 na 5,000, maana sehemu hiyo ndipo sikio la binadamu lina ukali zaidi. Mara nyingi kilima utakikuta hapo.

Asiye na kompyuta aanze na majaribio haya:

Sikiliza mtangazaji wa kiume akisoma habari. Spika ya boksi bovu humfanya aongee kama yumo ndani ya pipa. Kwenye ubao uliotengenezwa vizuri anaongea kama mtu aliyeketi chumbani.

Cheza rekodi ya zamani ya dansi. Nyingi za enzi za Mbaraka Mwinshehe zilirekodiwa kwa mono, kwa hiyo mwimbaji anapaswa kusimama katikati kabisa ya spika mbili. Akitawanyika na besi ikatoweka, waya za spika moja zimegeuzwa.

Nenda ukasimame ubavuni, usawa wa ukingo wa ubao. Besi ikififia hapo na kurudi ukisogea mbele, ubao unafanya kazi yake.

Mwisho weka taarab asilia, kisha mfuate mpiga kanuni peke yake wakati fidla na kodiani zinaendelea. Ukiweza kumfuata hadi mwisho wa wimbo, umefanikiwa.

Chumba na makochi

Sebule ya kawaida ya kwetu ina kuta za saruji, marumaru chini na madirisha ya vioo. Sauti inagonga kila mahali na kurudi. Sabufa kubwa ikiwekwa kwenye kona ya chumba cha namna hiyo, besi inavuma noti moja tu na maneno ya wimbo yanazama. Ubao wazi hutoa sauti mbele na nyuma, ubavuni karibu hautoi kitu. Kwa sauti ileile inayokufikia ulipokaa, unamwaga chumbani nishati pungufu kwa karibu desibeli 4.8 kuliko spika inayotawanya pande zote. Mwangwi unapungua bila kununua zulia.

Nyumba kongwe za mawe za Unguja na Lamu zina sababu ya ziada. Vyumba vyake vina upana wa meta 2.5 hadi 3 hivi, kwa kuwa urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua. Kuta za ubavuni zipo karibu sana, na ubavuni ndiko ubao usikotoa sauti.

Sharti lake ni nafasi ya nyuma. Ubao unataka angalau meta 1 hadi ukutani, ili sauti ya nyuma ichelewe kurudi kiasi cha milisekunde 6 na sikio lisiichanganye na ile ya mbele. Nasi makochi yetu yamezunguka kuta zote nne, shokesi imebana kona, na spika zinapata mahali palipobaki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: kochi moja lisogezwe, au mbao ziwe na miguu nyepesi, zisogezwe mbele wakati wa kusikiliza na kurudishwa wageni wakija.

Kwa sherehe na kwa singeli ya kutikisa mtaa, ubao wazi haufai; boksi libaki na kazi yake. Kwa kusikiliza nyumbani, ushauri wangu ni kuchanganya. Sabufa uliyonayo usiitupe. Chomoa spika zake ndogo, iache ishughulike na chini ya hezi 100 kwa sauti ya wastani, na kazi iliyobaki ziachie mbao mbili zenye spika za radiogramu. Kabla hujanunua sabufa kubwa zaidi ya ile ya jirani, nunua plaiwudi moja, mtafute fundi mwenye betri mfukoni, na usogeze kochi.